Mkono Ulioomba Tonge

Nianze na hili tusije tukapotezeana muda: sina pepo. Sijawahi kuwa naye. Nina kovu jembamba shingoni, nina vidonge ndani ya pochi, na nina mdomo ambao hata shangazi yangu, pamoja na bidii zake zote, alishindwa kuufunga. Anayetaka kuendelea kusema kwamba nina pepo na aseme, ila akae mbali kidogo na sufuria yangu.

Rovu, ule uvimbe wa shingo, lilinianza nikiwa bado nanyonyesha mtoto wangu wa mwisho. Kwetu Shishiyu rovu halikuwa habari ya kumshangaza mtu. Bibi yangu alizikwa nalo, na majirani walimtambua kwa mbali kwa namna alivyobeba kidevu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Bariadi mjini, nauza dagaa sokoni, kwa hiyo nilijifunga mtandio nikaendelea na kazi. Dagaa nilikuwa nawafuata mwenyewe Lamadi, kwa familia za wavuvi walionizoea mpaka wakawa wananiwekea wale wakavu, wasio na mchanga. Lakini rovu nalo halikusimama. Likaanza kunibana pumzi nikilala chali, na nikinyanyua gunia nakoroma mchana kweupe mpaka wateja wanageuka. Mume wangu akasema sasa inatosha. Nikapelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, wakaitoa tezi yote, wakanipa kidonge cha kumeza kila asubuhi kabla ya kula kwa maisha yangu yote, nikarudi nyumbani na shingo ya msichana.

Nilijipenda, siwezi kuficha. Mtandio niliutupa kabatini. Nilitembea sokoni shingo wazi, kovu likiwa bado jekundu, na aliyeniangalia sana nilimwambia aangalie vizuri, hatozwi kiingilio.

Lakini midomo yangu ikawa na jambo lake. Ilikuwa inawasha kama niliyelamba pilipili, halafu inakufa ganzi. Ncha za vidole zikawa zinachomachoma, hasa nikiwa nimechoka. Nilidhani ndivyo mtu anavyopona. Tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa bado, na mimi si mtu wa kwenda kusumbua madaktari kwa sababu midomo inawasha.

Hali ikiwa hivyo, baba mkubwa akafariki.

Alikuwa kaka wa baba yangu, na ndiye aliyetulea baada ya baba kututoka. Koo lake liliziba kidogo kidogo kwa uvimbe wa ndani, mpaka hata uji ukawa haupiti. Mtu aliyekuwa na ghala limejaa na zizi limejaa alikufa kwa njaa ndani ya nyumba yake. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, ndiye aliyemuuguza. Kila jioni alimsongea ugali laini, akaketi naye kitandani, akamega tonge na kulishika mbele ya mdomo wa kaka yake mpaka likapoa. Hakuacha kufanya hivyo hata baada ya kuambiwa kwamba mgonjwa hawezi kumeza.

Sasa kwetu huingii msibani kimya kama unayekwenda dukani kununua kiberiti. Kilio kinaanzia njiani. Ukiukaribia mji wa wafiwa unaweka mikono kichwani, unapaza sauti, unamwita marehemu kwa yale aliyokutendea, unaingia uwanjani hivyo hivyo mpaka wanawake wakupokee na kukukalisha. Mtoto wa nyumba ndiye anayetazamwa zaidi. Asiyelia hunong'onwa kwamba pengine anakijua kilichomuua mtu.

Mimi sikuhitaji kusukumwa na mtu. Nilimlia baba mkubwa tangu niliposhuka kwenye pikipiki. Nililia mpaka pumzi ikawa fupi, natweta, na bado nalia. Katikati ya uwanja nikahisi midomo inawasha, halafu uso mzima unavutwa. Nikataka kuitoa mikono kichwani, ikakataa. Vidole vilinyooka vikabanana ncha kwa ncha, kidole gumba kikaingia ndani, kifundo kikajikunja. Yaani mkono ulikaa vile vile unavyokaa unapomega tonge. Yote miwili. Na haikufunguka. Maumivu yake yalikuwa ya kupasua misuli, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu, nikazidi kuhema, na nilivyozidi kuhema ndivyo ilivyozidi kukaza.

Kilio cha watu wengine kikakatika. Shangazi akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaiangalia mikono yangu kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini uwanja mzima ulisikia.

"Kaka yangu anaomba chakula."

Mtu akatumwa jikoni. Wakaleta ugali kwenye sahani, shangazi akamega tonge akalipachika kati ya vidole vyangu vilivyokakamaa, akaanza kumbembeleza marehemu kwa Kisukuma, kwamba ale, kwamba sasa koo limefunguka. Wanawake wawili walinishika mabegani. Kule kushikwa kulinituliza. Kilio kikaniisha, pumzi ikarudi taratibu, na vidole vikaachia. Tonge likaanguka mavumbini.

"Amekula," shangazi akasema, na wote waliokuwa karibu wakaitikia.

Ningekuwa mimi ndiye mtazamaji, huenda ningeitikia pia. Mikono ilikuwa imeomba tonge, imepewa, imefunguka. Nani angebisha?

Tatizo lilikuja baadaye, nilipoinuka kwenda jikoni. Katika misiba ya upande wetu, msongaji wa ugali nilikuwa mimi. Si kwa kuteuliwa na mtu. Ni kwa mabega. Sufuria la msiba linakaa juu ya mafiga makubwa, mwiko wake ni mrefu kama kasia, na unga ukishaingia wote, wengi wanapiga mizunguko michache wanaachia. Mimi nilikuwa namaliza. Nilijivunia hilo kuliko biashara yangu. Nikafika jikoni, shangazi akanishika mkono akauondoa kwenye mwiko. Akasema tangu siku hiyo chakula changu ni cha marehemu. Akipika huyu, atakayekula ni aliyekufa, na aliye hai asikitie mdomoni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba maji yale ni ya mifugo, si ya kunywa.

Basi nikawa mtu wa kukalishwa mkekani. Msiba baada ya msiba, nafika, natoa mchango wangu kama wengine, naonyeshwa pa kukaa. Nikishika kisu nimenye viazi, mtu anakipokea kwa tabasamu. Nikilia, mikono inakakamaa, na kila inapokakamaa sahani ya ugali inaletwa kwa ajili ya baba mkubwa. Habari zikavuka mpaka Bariadi. Sokoni mteja mmoja wa miaka mingi akaniuliza kama dagaa nawachambua kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba nawachambua kwa miguu, na kwamba kama anataka waliochambuliwa na malaika aende mbele kidogo. Akaenda mbele kidogo. Walikuja pia wa maombi, wakataka kunikemea pepo nikiwa nimesimama pale pale kibandani. Niliwaambia wamkemee wanavyotaka, ila wasimame pembeni wasizibe dagaa.

Ninayaandika kwa mzaha, lakini sikuwa nacheka. Niliumia. Nilikuwa narudi nyumbani navua viatu nakaa kitandani naitazama mikono yangu kwa chuki.

Kilichonitoa huko kilikuwa kipimo cha presha. Tarehe ya kurudi kule hospitali kubwa ilishapita bila mimi kwenda. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikaenda hospitali hapa Bariadi, muuguzi akanifunga ule mkanda wa kitambaa juu ya kiwiko akaujaza upepo. Alipouacha ukanibana kidogo, mkono ukajikunja ukamega tonge mbele ya macho yake. Hakukimbia. Alimwita daktari, kijana mwembamba, naye akafurahi kama aliyeokota simu. Akaniuliza kuhusu kovu la shingoni. Halafu akanigonga kwa kidole shavuni, mbele ya sikio, mdomo wangu ukaruka upande mmoja. Akagonga tena, ukaruka tena. Nikamwambia kama ananipiga kofi basi anipige vizuri nijue moja.

Alicheka, kisha akaketi akanieleza, na kwa hilo nitamheshimu daima, kwa sababu alieleza mpaka nikaelewa. Nyuma ya ile tezi ya shingo iliyovimba ikawa rovu, kuna tezi nyingine nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Wakati wa kuondoa rovu kubwa, punje hizo zinaweza kuondoka nalo au kuzimika, hata kwenye mikono ya mpasuaji mzuri. Zikizimika, kalsiamu inashuka, na misuli na mishipa ya fahamu inaanza kujiamulia mambo. Damu yangu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa chini sana, mpaka yeye mwenyewe akashangaa nilivyoweza kufika hospitali kwa miguu.

Nikamwambia haiwezekani, mimi ni muuza dagaa. Nawala na mifupa yao asubuhi na jioni. Akasema niendelee kuwala, ila bila zile punje mwili wangu haushiki vizuri ninachoupa. Nitameza kalsiamu mara kadhaa kwa siku, pamoja na kidonge kingine kidogo cha kuusaidia utumbo uipokee, na nisiichanganye na kile cha asubuhi. Halafu nikamuuliza lile nililokuja nalo moyoni bila kujua kwamba nimekuja nalo. Nilimuuliza kwa nini inanikamata zaidi msibani.

"Ukilia kwa nguvu unahema haraka haraka, mama," akasema. "Na ukihema hivyo, hata ile kalsiamu kidogo iliyomo inashindwa kufanya kazi. Ni kilio chenyewe kinachokubana mikono."

Kumbe baba mkubwa hakuwa ameomba chochote. Nilimlia, na kule kumlia ndiko kulikonifunga. Daktari akanishauri kwamba nikifiwa nilie polepole. Nikamuuliza kwao ni wapi, na kama kwao watu wanalia polepole. Akainama akaandika dawa.

Nilikwenda Shishiyu wiki ile ile na vidonge vyangu mkononi. Shangazi nilimkuta kwa mama yangu, ambaye alikuwa anaishi na kaka yangu na wifi. Tulisalimiana vizuri kwa Kisukuma, mwadila mayu, yaani mama, mhola, nikakalishwa, nikapewa mtindi. Nikaeleza yote, punje nne za mchele, kalsiamu, pumzi. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Wifi aliuliza maswali ya maana, vidonge vinamezwaje, ukizidiwa ufanyiwe nini. Shangazi alisubiri nimalize.

"Huyo daktari alimwona kaka yangu akifa njaa?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Mimi nilimwona."

Nilimwelewa. Nilimwona amekaa na tonge linalopoa, jioni baada ya jioni, na nikaelewa kwamba siku ile uwanjani ndiyo siku pekee kaka yake alikubali kula kutoka mkononi mwake. Ningekuwa namnyang'anya hiyo. Lakini kumwelewa hakukunifanya nikubali. Mikono aliyoitumia kulishia ilikuwa ya kwangu, na mimi nilikuwa bado naihitaji. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa adabu, na akanijibu kwa adabu kwamba kwenye jiko lake siwezi kushika mwiko.

Hapo mama akafumbua macho. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua.

"Siku yangu ikifika," akasema, "ugali asonge huyu. La sivyo msipike kabisa."

Shangazi akamwambia asiseme mambo ya siku yake. Mama akafumba macho tena. Hatukulizungumza tena jambo hilo, lakini lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu, na kila mmoja wetu aliondoka nalo.

Mama alifariki mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekaribia. Wifi alinipigia simu asubuhi nikiwa sokoni. Niliwafunika dagaa, nikamkabidhi jirani kibanda. Mume wangu akatafuta gari.

Njia nzima kutoka Bariadi nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nikilia, mikono itakakamaa, shangazi ataleta sahani, na mama yangu atageuka kuwa wa pili kuomba chakula kupitia kwangu. Hapo mwiko nitauaga moja kwa moja. Nisipolia, nitaingia kwa mama yangu mzazi kimya, kama mgeni, na watanong'ona wanavyojua. Wao wananiambia lia, daktari ananiambia lia polepole. Kila mtu alikuwa na neno kuhusu pumzi yangu. Tulipofika njia panda ya kwetu nikatafuna vidonge, vikavu hivyo hivyo, vikanijaza unga mdomoni kama chokaa. Nikashuka kwenye gari. Nikaweka mikono kichwani.

Nililia. Nililia kilio chote nilichokuwa nacho, sikupunguza hata kidogo. Alikuwa mama yangu. Alinibeba mgongoni akilima pamba, alinifundisha kushika mwiko, na mimi nimlie polepole kwa ajili ya nani? Nilimwita mpaka sauti ikapasuka. Katikati ya uwanja midomo ikawasha, nikajua inakuja, na sikuificha. Mikono ilipojikunja niliishusha kutoka kichwani nikainyoosha mbele yangu, kila mtu aione.

Shangazi alikuwa ameshakuja. Sahani ilikuwa mkononi mwake, tonge limeshamegwa.

"Tulia, mayu. Mama yako anataka kula."

"Liondoe tonge, shangazi." Maneno yalinitoka yamepinda, mdomo ulikuwa unavutwa, lakini yalisikika. "Mama hana njaa. Mikono ni yangu, na ugonjwa ni wangu. Msinipe kitu. Tazameni tu."

Wifi alikuwa pembeni yangu. Alifungua pochi yangu bila kuulizwa, akanitilia vidonge mdomoni kama anayemlisha mtoto, akanikalisha chini. Shangazi alibaki amesimama na tonge lake. Niliwasikia ndama zizini. Nilifunga mdomo nikavuta hewa kwa pua, taratibu, nikaitoa taratibu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusonga. Kila pumzi ilitaka kukimbia na mimi nairudisha. Ilichukua muda mrefu, jua likinipiga usoni, na wote wakitazama mikono mitupu iliyoomba na kunyimwa.

Kidole gumba kilitoka kwanza. Halafu vidole vikaachana kimoja kimoja, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Hakuna kilichoanguka, kwa sababu hakikuwemo kitu. Niliinua viganja juu nikavigeuza mbele na nyuma. Mzee mmoja upande wa wanaume aliguna.

Nilinyanyuka nikaenda kumwona mama. Nilikaa naye ndani. Kisha nikatoka nikaenda jikoni.

Maji yalikuwa yanachemka. Mabinti waliokuwa wamezunguka sufuria wakasogea. Hakuna aliyenipa mwiko na hakuna aliyenizuia. Niliuchukua mwenyewe. Wifi akamimina unga, wawili wakashika sufuria kwa magunia yaliyolowa, nikaanza kugeuza. Kilio hakikuwa kimeisha, kilinitoka machozi matupu, yakitiririka pamoja na jasho, na hayo hayakunizuia pumzi. Nilisonga mpaka unga ukakomaa, mpaka sufuria likaanza kulia chini kwa ukoko. Mabega yalikumbuka kila kitu.

Ugali ulipakuliwa. Wanaume walipelekewa wa kwao, wakala bila kuuliza. Sisi tukakaa kwenye mikeka, sahani katikati, na mikono ya wanawake wote ikabaki mapajani. Wifi alimega akala. Akatafuna peke yake, watu wakimwangalia kama watakaomwona akianguka. Wengine wote walikuwa wanamtazama shangazi.

Shangazi alinawa. Akamega tonge, akalizungusha kiganjani, akalishika mbele ya mdomo wake. Akakaa hivyo. Nilijua anamwona nani. Mvuke uliacha kutoka kwenye lile tonge na yeye bado amelishika, na mimi sikumsihi, sikuondoa macho.

Akalitia mdomoni. Akatafuna taratibu, akameza.

"Umeukaza mno," akasema. "Mama yako alipenda laini."

"Nimeukaza makusudi, shangazi. Huu ni wa walio hai."

Akanitazama, halafu akausogeza mchuzi karibu yake, akamega jingine.